Matamshi

Saa tisa usiku, Wolverhampton, chumba cha kufulia cha hospitali.
Mikono yangu imo glavuni,
simu imo mfuko wa kifuani, waya mmoja sikioni,
na mwanamke asiye na mapafu ananisomea dunia:

"Minza ameweka picha mbili. Huenda ni watu. Huenda ni chakula.
Shija anasema: umeme umekatika tena.
Uso unaolia kwa kucheka. Uso unaolia kwa kucheka.
Uso unaolia kwa kucheka."

Hachoki. Wala yeye mwenyewe hacheki.
Kiswahili anakitafuna kama mtu aliyetoka kung'olewa jino,
ganzi bado shavuni.
"Habari za asubuhi" huitamka kana kwamba ni jina la dawa.

Nilimpakua msimu wa homa, mashuka yalipopanda hadi darini
na sina mkono wa tatu wa kushika simu,
na kwetu saa hiyo ni kumi na mbili, watu wanaamka,
wanaandika kabla hawajapiga mswaki.

Jina lililomshinda kabisa ni la kaka yangu.
Ng'wandu.
Ile ng' yenye kijiti juu yake ilimkwama kooni kila siku.
Alianza, akasita, kisha: "Enji. Wandu."
Nikamrekodi, nikamtumia mwenye jina.
Kaka alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko.
"Hata mashine ya Wazungu imenitambua! Mimi ni Injinia Wandu."
Yeye, aliyepata sifuri ya hesabu kidato cha nne,
fundi wa pancha pale stendi ya Maswa,
akachora hadi kibao.
Kila asubuhi akaandika bei ya dengu,
lawama kwa refa,
na swali lilelile: "Dada, huko mvua imeisha?"

Usiku ule wa Februari ulianza kama mwingine.
Paulette yuko upande wa pili wa shuka,
pembe kwa pembe, tunakutana, tunaachana.
Yule bibi akasoma:
"Nyanya zimepanda, ndoo elfu kumi na nane.
Familia ya Sayi inasikitika kutangaza kifo cha Titus M. Sayi
kilichotokea. Soma zaidi.
Unapenda viatu hivi? Punguzo asilimia arobaini."

Titus. Titus gani tena?
Kina Sayi wamejaa Maswa nzima.
Nikasema pole moyoni, ile pole ya mtu wa mbali,
nikaendelea kukunja.
Mashuka kumi na mawili. Nimeyahesabu baadaye,
nimeyahesabu mara nyingi.
Nyumbani jina la ubatizo hatulitumii,
hukaa kwenye cheti, chini ya godoro,
linangoja tangazo kama lile.

"Shija anasema: viganja vilivyoshikana. Viganja vilivyoshikana.
Moyo uliovunjika. Pumzika, Injinia."

Hapo hakusita. Neno lile lina asili ya kwao,
alilitamka safi.
Shuka likaanguka upande wangu.
Paulette akabaki ameshika pembe zake mbili.
Na sikioni: "Wengine arobaini na saba wamesema poleni."

Nimegundua, ndani kabisa ya mipangilio,
kuna mahali pa kumfundisha jina.
Unaandika linavyoandikwa, kisha linavyosikika,
naye anauliza: Hifadhi matamshi?
Nimefika hapo mara tatu, kidole juu ya kioo.

Leo ni arobaini. Minza ameweka picha.
"Huenda ni mtu. Huenda ni baiskeli. Huenda ni nje."
Kisha anasita, mjinga wangu mpenzi, koo linakwama:
"Enji. Wandu."

Nimebonyeza Hapana, nikavaa glavu.
"Haijaisha," nikasema kwa sauti,
na Paulette, akidhani namwambia yeye,
akatazama rundo la mashuka, akaitikia kwa kichwa.