Vyumba Vinne

Mistari miwili tu, wima na mlalo,
na karatasi ya Zulmira imekuwa nyumba ya vyumba vinne:
wenye kikohozi waliokata magome ya vizibo kiwandani,
wenye kikohozi wasiowahi kuingia humo,
wazima waliokula vumbi, wazima wasiolijua.
Alentejo yote ya upande huu wa reli
imeenea humo, hata padri.

Arobaini na mmoja. Kumi na tisa.
Ishirini na wanne. Hamsini na sita.
Zidisha kimshazari, gawanya:
tano na ushei.

Meneja Ilídio anacheka: "Si sigara zao hizo?"
Swali la haki. Zulmira analipasua jedwali,
wavutaji huku, wasiovuta kule,
anahesabu upya hadi kahawa ikapoa.
Tano inanywea, inakuwa nne.
Haifi.

Chini yake anaandika mipaka.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
na huyu wetu yuko gizani: aliposimama hatupajui,
twajua tu kamba inakoishia.
Moja, namba ya "hapana neno",
iko nje ya malisho.

Kisha kalamu inasita kwenye arobaini na mmoja.
Mmoja wao kofia yake ingali msumarini jikoni,
unga wa magome ukingoni;
ndiye aliyemfundisha kujumlisha kwa vizibo vya chupa.
Jedwali halimjui Belmiro.
Anamtoa, kujaribu tu: arobaini.
Uwiano hausogei sana.

Anamrudisha.