Udongo Ndani ya Rimu

Hamsini, limetulia. Sitini, limetulia.
Sabini na tano, ukishaipita Nala,
usukani unaanza kutetema
kama mkono wa mtu anayesaini deni.
Themanini, trei za mayai zinasemezana huko nyuma,
na Manyoni nafika nikihesabu yaliyopasuka.

Shemeji Malogo alisema tairodi. Nikanunua tairodi.
Jirani akasema bolijointi. Nikanunua, zote mbili.
Mwinjilisti akasema, mama, punguza mwendo;
huyo peke yake hakunila hela.

Ndahani wa Kizota hakusema.
Alipiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa kidole,
akaliacha.
Likazunguka, likasita, likarudi nyuma kidogo,
likalala.
Akazungusha tena. Likalala upande uleule.
"Kuna kitu hapa kinataka kwenda chini."
Akapenyeza bisibisi nyuma ya rimu, akakwangua,
kikaanguka kwenye sakafu yenye mafuta
kipande cha udongo mweusi, kikavu,
kimechukua mviringo wa rimu
kama ukoko unavyochukua wa sufuria.

"Ulipita wapi?"

Mpamantwa. Machi. Mayai ya harusi, trei arobaini.
Mbuga ilinimeza hadi kwenye ekseli.
Taa ya kushoto ilikufa tangu Krismasi,
ya kulia ilikuwa njano, ya kuonea aibu tu.
Wakatoka watu gizani, sijui saba, sijui kumi na wawili.
Nilisikia miguu ikinyonywa na tope,
nikasikia mmoja akihesabu kwa Kigogo,
na kwenye tatu gari likapanda.
Nikakanyaga mafuta. Sikusimama.
Niliogopa nikisimama litazama tena.
Ndivyo ninavyojieleza.

Hayo sikumwambia Ndahani.
Nilimwambia: sasa taa.
Nilikuwa nimekuja na balbu zangu mfukoni,
zile nyeupe za kuchoma macho, elfu thelathini.
Akazigeuza kiganjani, akanirudishia.
"Balbu yako haiumwi. Ina njaa.
Umeme unapita kwenye swichi ya zamani, kwenye waya kama uzi,
ukifika umeshachoka."
Akafunga rilei mbili,
akavuta waya mnene kutoka kwenye betri yenyewe,
akasugua vioo kwa dawa ya meno
hadi ule ukungu wa miaka ukatoka na povu.

Jioni tuliegesha mbele ya ukuta wa ghala la alizeti,
hatua kumi. Akachora chaki usawa wa taa,
akachora mstari mwingine chini yake, upana wa kiganja,
akakaza skrubu, akakaza,
mpaka mwanga ukakubali kukaa chini.
"Mimi nataka ione mbali," nikasema.
"Itaona. Ila ione barabara,
isiwaingie watu machoni."

Themanini. Nala iko nyuma.
Usukani umetulia mpaka nikadhani umekatika.
Lori la Singida likanipita
bila kunipigia taa, bila kunitukana.
Penye njia ya Mpamantwa nikaacha lami,
trei mbili kwenye kiti cha abiria, nimezifunga mkanda.

Mbuga imekauka, imepasukapasuka.
Alama za matairi yangu bado zipo,
zimeokwa na jua kama vigae.
Nikazima injini, nikaacha taa.
"Mbukwenyi," nikasema kupitia dirishani,
kwa nani, sijui.

Wakaja. Wakasimama ukingoni mwa mwanga:
naona nyayo, naona ndoo, naona pindo la kanga.
Nyuso ziko juu ya mstari wa Ndahani,
bado gizani.

"Siyo hii," akasema mmoja.
"Ile ilikuwa na jicho moja."

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyohesabu.
Nikafungua mkanda wa mayai,
nikashuka.