Hayawahusu

Jina alimpa baba, kwa ajili ya majirani.
Mtu akiuliza, mbwa gani huyu mwenye manyoya kama zulia,
baba alijibu, Hayawahusu.
Mbwa alitikisa mkia, muulizaji akanuna.

Alimtoa kiwandani Igogo, alikokuwa mlinzi wa zamu ya usiku;
mama wa mbwa alikuwa wa meneja, baba wa mbwa wa jalalani.
Kila Jumapili alimchana kwa chanuo la mbao
juu ya jiwe letu la kuanikia nguo,
mji wote ukiwa chini yetu: mabati, ziwa, mabati.

Tangu Bugando ituruudishie shati lake na redio
hakuna aliyeligusa lile chanuo.
Miezi minne. Mvua za vuli, vumbi, wale wadudu wa ziwani
wanaokuja kama moshi na kufia ndani ya kila kitu.
Mbwa alihamia uvunguni mwa kitanda,
na siku alipotoka
alitembea kama aliyevaa koti la mtu mwingine.

Mimi ni msusi. Kirumba, kibanda cha bluu.
Nimefumua rasta za miaka saba,
nimefumua bibi harusi aliyelia kutoka paji hadi kisogo.
Nikasema, atanishinda mbwa?
Lakini kidole kimoja hakivunji chawa; nikamwita Shija wa jirani
amshike kichwa, amwimbie chochote.

Maji kwanza, alisema Shija.
Maji mwisho, nikamwambia.
Fundo likilowa hukaza, kama mtu mbishi akikemewa.
Nikanyunyiza unga wa muhogo, nikapekecha kwa vidole,
nikashika shina kwa mkono mmoja, ngozi isijue,
nikaanza nchani,
nywele tatu, nywele tano,
jino moja la chanuo.

Nyuma ya sikio: vishona-nguo, magamba mawili ya sangara,
uzi wa nyavu.
Kwapani: kupe wanne walionenepa kama kunde zilizolowekwa.
Chini ya mkia sisemi.
Mafundo mengine yalikubali. Mengine yalikuwa jamvi tupu;
hapo nilipitisha chanuo kati ya fundo na ngozi,
kisha mkasi juu ya chanuo,
maana ngozi ya mbwa huinuka na fundo, hujificha humo,
na mwenye pupa hukata asichokiona.

Alining'ata mara moja. Hakutoboa.
Aliuachia mkono, akaulamba, kama anayefuta neno.

Nyongani, chini ya pande gumu kama kandambili,
nilikuta ngozi nyekundu, mbichi, yenye harufu;
labda ilianza kama upele wa kawaida
kabla ya kufunikwa.
Nikaiosha kwa maji ya chumvi. Yeye akatazama ukuta.

Saa kumi tulikuwa na rundo la manyoya kama mbwa wa pili,
na mbwa wa kwanza, mwembamba, mwenye viraka,
akilizunguka jiwe mbio kama mbuzi aliyekata kamba.
Watu wa juu walicheka. Mmoja akauliza kulikoni.
Shija alimjibu kwa jina la mbwa.

Ndipo nilipomwona mama mlangoni.
Sijui alisimama hapo tangu lini.
Kilemba kilekile cha matanga.
Alikipukuta kigoda kwa pindo la kanga,
manyoya yakapaa, mengine yakarudi kumkalia magotini,
akakaa, mgongo kwangu, akafungua.
Sikusema kitu. Msusi hujifunza hilo kabla ya kushika kitana.

"Osha chanuo," alisema.
Kisha, baada ya muda, redio ya mtu ikisoma bei ya pamba,
"Anza kisogoni. Huko ndiko kulikokaza."

Nikashika shina.