Yai la Kukunja

Kikaango cha pembe nne hakikuwapo Wete nzima.
Fundi Faki wa Limbani alinitazama, nyundo mkononi:
"Pembe nne? Unakaanga yai au daftari?"
Akakata sinia kuukuu, akaligonga adhuhuri kutwa,
akacheka mpaka aliponidai pesa.

Mwalimu Setsuko, aliyepanga chumba cha juu kwa Bi Raya
miaka miwili akisomesha hesabu,
alinionesha mara moja tu, asubuhi ya safari yake.
Mayai manne. Sukari vijiko viwili, chumvi chembe,
na supu kidogo ya samaki: ya kwao hakuipata,
akachemsha dagaa wa Tumbe, akasema watafaa.
Mimina kiasi. Ngoja. Kunja kuja kwako.
Sukuma mbele, paka mafuta, mimina tena,
inua lililokunjwa, jipya lipite chini yake.
"Usiwe na haraka," alisema,
"wala usilale."

Langu la kwanza lilikuwa vurugu.
La pili liliungua; sukari haiusamehe moto.
La tatu nikalipeleka uani,
Mama anashona ukili, ukindu mwekundu magotini.

"Yai na sukari? Kwani nani kazaa?"

Nikakata. Kisu kikapita kama kwenye halua ya moto.
Ndani, duara ndani ya duara, manjano juu ya manjano,
jamvi lililokunjwa likaegemezwa ukutani
watu wakishatoka khitmani.

Utamu wake si wa kitumbua, unaokudaka mlangoni.
Huu unakaa chumba cha ndani.
Unapiga hodi, chumvi ndiyo inayokufungulia,
dagaa anakupisha ukumbini,
ndipo unaikuta sukari imekaa kitako,
haina hata habari kuwa umekuja.

Mama alikula kipande cha ncha. Akanyamaza.
Mama akinyamaza, ama kakasirika ama anahesabu.
Akachukua cha pili, hakukila:
akakilaza kiganjani, akakikunjua kwa ukucha
tabaka kwa tabaka, akiutafuta mwanzo,
vile anavyoufumua mkeka wa watu
ajue mwenzake kaushona vipi.

"Limeungwa kwa nini?"
"Kwa moto tu, Mama."
"Hamna uzi?"
"Hamna."

Akala vile vipande vilivyofumuka, kimoja kimoja.
Akalamba kidole, akaurudia ukili wake.
Nilikwisha beba sahani aliposema, hakuinua macho:

"Kesho punguza mafuta.
Na upande huu wa kushoto
uliukunja kwa woga."