Kipengele cha Kumi na Nne

Mchele ulikuja siku ya tatu, blanketi siku ya nne,
siku ya tano wapiga picha.
Sikatai. Tulikula, tukajifunika, tukapigwa picha.
Lakini Nyando ukishapita huacha tope,
na tope lina umri mrefu kuliko huruma.

Mwaka wa pili ndipo tuliposikia kuna ruzuku:
si ya kufuta machozi, ya kurudisha maisha,
miaka mitatu, awamu kwa awamu.
Nikachaguliwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa wengine walikuwa na mpunga wa kupalilia.

Saiba ya Ahero, shilingi kumi ukurasa.
Kijana Bramwel anachapa kwa vidole viwili.
Kipengele cha sita: elezeni hasara, maneno mia mbili.
Mimi nilikuja na kurasa nne za daftari.
Tukapunguza.
Tukatoa kuku.
Tukatoa cherehani ya Rispa, iliyoonekana mtaroni
gurudumu lake limesukwa magugu maji.
Tukatoa kambare aliyekutwa darasa la pili
amelala chini ya ubao
kama mtoto aliyechelewa na kuogopa kubisha.
Bado mashine inasema: mia mbili na kumi na moja.
Nikafuta sentensi ya kaburi la mama.
Mia mbili kamili.

Kipengele cha tisa: kwa nini jamii haihami?
Hiyo nilirudi nayo nyumbani.
Tulikaa juu ya tuta la mfereji, miguu majini, tukabishana.
Nyagudi: andika makaburi.
Obura: andika hilo hilo tope, ndilo linalootesha mpunga.
Mtu nyuma akasema, andika nauli,
na uulize tuhamie shamba la nani.
Nikaandika: sababu za kiuchumi na kitamaduni.
Maneno matano.
Nyagudi aliposomewa alinitazama
kana kwamba nimemwibia kitu mchana.

Jibu lilikuja Machi, mvua ikinusa mlango.
Tumekubaliwa, nusu.
Vyoo vya kuinuliwa, visima viwili vya kufunikwa,
misingi ya mawe kwa nyumba kumi na moja.
Zilizoanguka ni arobaini na tatu.
Haba na haba hujaza kibaba;
waliosema hawakusema kibaba cha nani.

Tulitia punje za mahindi ndani ya sufuria,
kumi na moja nyekundu, zilizobaki nyeupe,
kila mtu akaingiza mkono amefumba macho.
Rispa alitoa nyekundu, akaketi chini akalia.
Nyagudi alitoa nyeupe.
Aliitia mdomoni, akaitafuna,
akauliza kama kuna yeyote aliyeleta chumvi.
Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza
kubeba mawe ya msingi wa Rispa.

Leo najaza ripoti ili awamu ya pili ifunguliwe.
Risiti ya saruji ninayo. Ya misumari ninayo,
ina alama ya kidole cha chai.
Risiti ya Nyagudi sina.
Hapa wameuliza mchango wa jamii kwa shilingi,
nikaandika sifuri, nikaikata, nikaandika tena kitu kingine
ambacho mhasibu wao hatakipenda.

Kisha kipengele cha kumi na nne:
fedha zikiisha, ni nini kitaendelea?

Nje jua linawaka vibaya. Mawingu yameshika milima ya Nandi.
Mafuriko yetu huanza hivyo, kwa jua kali huku
na mvua ya watu wengine kule.
Bramwel ameinua vidole vyake viwili, anangoja.
Andika: mto, namwambia.
Anaandika.
Futa.

Nampigia Nyagudi nimsomee swali.
Simu inaita mpaka karibu ikatike.
Sema haraka, anasema, nimeshika sepetu.