Gari Lenye Kiu

Baba alilisubiri miaka kumi na mmoja,
jina lake likisogea kwenye orodha
kama konokono juu ya jani la kabichi.
Siku lilipofika, lilikuwa la rangi ya chungwa.
Yeye aliomba bluu.
"Chungwa ni bluu iliyoiva," alisema,
na Mama akacheka mpaka akakaa chini, ukingoni mwa barabara.

Moskvichi. Chuma kizito cha Warusi,
taa mbili zilizotazama pembeni kidogo
kama mtu asiyetaka kuulizwa deni.
Mlango wa nyuma tuliufunga kwa mkanda wa suruali.
Honi ililia ilipotaka yenyewe,
na mara moja kwenye mazishi ya mjomba Trayko,
ikaendelea, ikaendelea,
mpaka padri akafunga kitabu.

Theluji ikianguka, betri ilipanda nasi hadi ghorofa ya nne,
ikalala jikoni kando ya chupa za pilipili za siki,
Mama akiinung'unikia kama mgeni asiyeaga.
Alfajiri Baba aliishusha, ameikumbatia kama kichanga,
akashika hendeli, akazungusha,
akazungusha,
mvuke ukimtoka kinywani pamoja na matusi
aliyoyatukana kwa Kituruki ili tusijifunze.
Tuliyajifunza yote.

Kila Agosti tulipanda milima ya Rodopi kwenda kwa bibi Kera.
Kilomita tisini na saba. Saa sita, tukibahatika.
Kaka yangu Delcho, kazi yake ilikuwa gogo:
gari likizimika mlimani, aruke, alisukume nyuma ya gurudumu
kabla hatujarudi Plovdiv kinyumenyume.
Kazi yangu ilikuwa maji.

Kule milimani karibu kila kona ina chemchemi ya mawe,
bomba moja, maji ya kuuma meno,
na juu yake jina la marehemu,
wanawe walimjengea
ili apitaye na kiu anywe, amtaje.
Gari letu lilikuwa na kiu kuliko ng'ombe.
Rejeta ikianza kupiga mluzi, Baba aliegesha,
nami nikashuka na kopo, nikisoma kwa sauti
huku kopo likijaa:
Vasil, mchungaji.
Radoy na mkewe Gyurga.
Sevda, miaka tisa.
Nami mwaka ule nilikuwa na miaka tisa.
Nikayamwaga maji, nikajaza upya.
"Waambie asante!" Baba aliita, kichwa ndani ya boneti.
Nikawaambia.

Tukafika usiku, taa moja ikiwaka,
supu ya maharage imepashwa moto mara ya tatu.
Bibi hakuuliza mbona tumechelewa.
Aliuliza, "Mmepitia kwa nani?"
Nikamtajia kwa mfuatano, naye, akikata mkate, akaeleza:
Radoy alikufa na deni la kondoo wawili.
Gyurga aliimba vibaya, lakini aliimba.
Kuhusu Sevda alisema tu, "Kula."

Sasa Moskvichi liko nyuma ya nyumba ile,
kuku wanataga kwenye kiti cha Mama,
na mkanda wa Baba bado umefunga mlango.
Yeye mwenyewe tulimzika Machi.

Mwezi uliopita nilipanda peke yangu.
Saa moja na dakika hamsini.
Gari langu jipya halina kiu,
na majina yalipita dirishani, meupe, upesi,
sikuwahi kusoma hata moja.
Karibu na juu nikageuza, nikarudi kona tatu,
hadi kwa Sevda.

Kopo sikuwa nalo. Nilikinga viganja.
Kisha, sijui kwa nini, nikafungua boneti kwa kiwiko.
Ndani kila kitu kimefunikwa plastiki, kimya, safi,
na maji yananivuja vidoleni,
na hakuna pa kumwagia.