Kifungu cha Nne

Nimeketi dirisha la pili, ofisi ya safari za wanafunzi,
mgongo kwenye ukuta unaovuja tangu masika.
Ramani tuliibandika mwaka juzi: kijani, njano, nyekundu.
Nyekundu imepauka kwa jua la Moshi,
imekuwa kama kidonda kinachopona.
Kanuni haikupauka.

Akaja Nsimire, mwaka wa nne, afya ya jamii,
kiatu kimoja kina tope la Pasua.
"Naomba fomu ya kwenda Bukavu."
Nikamwambia kama ninavyowaambia wote, bila kuinua macho:
nakala tatu, barua ya msimamizi, bima
(na hao wa bima, mwanangu, wakisikia Bukavu wanakata simu),
kamati hukaa Alhamisi ya pili ya mwezi,
na Naibu Mkuu wa Chuo akikubali, asaini kwa wino wa buluu.

Akajaza amesimama.
Sababu ya safari: Nyumbani.
Mahali utakapolala: Kitandani kwangu.
Eleza hatari unazozifahamu:
hapo kalamu ikakaa, ikakaa,
mpaka Kibo kikavua wingu lake kule nyuma ya benki
na kikalivaa tena.
Akaandika: Ngazi ya jikoni, kipago cha tatu.

Sikucheka. Kifungu cha nne nilikichapa mimi,
kwa vidole hivi, wiki ileile
tuliyomngoja Eliamringi apokee simu.
Alikwenda kukusanya data, hakujaza kitu,
alisema fomu ni za waoga.
Simu iliita siku tisa. Siku ya kumi haikuita.
Baba yake alishuka kutoka Kibosho amevaa koti la kanisani,
akaniuliza hapahapa dirishani: "Nani alimruhusu?"
Nikapekua makabrasha yote, sikuona jina.
Jina la mtu wa kulaumiwa nalo ni riziki, nilijifunza siku ile;
mzee yule aliondoka hana hata hilo.

Lakini pia nina kaka, Ndelilio, mpagazi.
Kila Jumatatu wageni husaini karatasi getini Machame,
kwamba wakifa mlima hauna kosa,
kisha hupanda, na mizigo yao iko juu ya shingo yake.
Yeye hajawahi kuonyeshwa mahali pa kusaini.
Hakuna aliyeipaka shingo ile rangi nyekundu.

Kisanduku cha mwisho ndicho kilichomshinda binti:
Mtu wa kupigiwa simu, asiwe katika nchi uendayo.
"Mama yuko huko," akasema. "Dada, huko.
Baba naye huko. Chini."

Kanuni haisemi karani ajiandike.
Haisemi asijiandike.
Nikachukua kalamu yangu, nyeusi:
Aikaruwa Temu, Rau, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga.
Uhusiano:
nikaacha pale pakiwa patupu. Kamati haikuuliza.

Aliondoka na basi la saa kumi na moja alfajiri.
Kifungu cha nne, aya ya pili: atoe taarifa
kila baada ya saa ishirini na nne.
Siku ya kwanza: Nipo.
Siku ya pili: Nipo.
Siku ya tatu nimekaa, simu juu ya jalada,
chai imeota utando,
mlinzi anachezesha funguo mlangoni, mvua inapiga bati,
ndipo ikatetemeka:

Nipo. Mama anakusalimu.
Amesikia mlima wenu una moto ndani.
Anauliza, huko mlikonilaza miaka minne,
ni salama kweli?

Natafuta kisanduku cha kujibia.